Shati Lililosafiri Visiwani

"Nitakubali kosa," Athumani alisema.

Sajini Manase alikuwa bado ameshika bakuli la wali alilopewa na Mwanahalima nje ya lango la mahabusu. Aliliweka juu ya benchi, akakaa.

"Kosa gani?"

"La kuiba dhahabu. Kesho wakinisomea mashtaka nitasema ndiyo. Kuna mwenzangu humu ndani ameshafungwa mara tatu, anajua mambo haya. Anasema ukikubali unapewa miaka miwili, ukikataa unapewa mitano. Mwanahalima ana mimba ya miezi saba, Sajini. Mtoto wa miaka miwili nitambeba, atanizoea. Wa miaka mitano ataniamkia kama mgeni."

"Uliiba?"

"Hapana."

"Sasa utakubali nini?"

Athumani alilitazama bakuli, hakuligusa. "Kasha lina funguo mbili. Mmoja anao Bwana Prewett, naye alikuwa baharini. Mwingine ninao mimi. Hata mimi nikikaa nikafikiri vizuri, naona mwizi ni mimi."

"Nipe mpaka kesho saa tatu asubuhi," Manase alisema. "Usikubali kitu kabla hujaniona. Na usiponiona, usikubali vilevile. Haya, kula. Mkeo amesimama kwenye mvua kwa ajili ya wali huu."

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Aprili, mwaka 1954, na mlima Meru ulikuwa haujaonekana kwa siku ya nne. Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Bwana Harold Prewett alikuwa na ofisi ndogo karibu na mnara wa saa, akiuza safari za starehe za meli. Mwezi uliopita alikusanya abiria kumi na mmoja wa Arusha, akawapandisha treni mpaka Tanga, na kutoka Tanga wakapanda meli iitwayo Coralia kwenda Unguja, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, visiwa vya Komoro na Shelisheli, kisha kurudi kwa njia ya Dar es Salaam. Siku kumi na nane kwa jumla. Kabla ya kuondoka aliwashauri akina mama wasichukue vito vyao baharini. Vito vikafungwa katika kasha la chuma la ofisi, mbele ya macho ya wote, na wote wakaondoka pamoja kwenda stesheni. Karani Athumani alibaki kuitunza ofisi. Abiria waliporudi Jumamosi, kasha lilikuwa tupu. Surjit, fundi wa makufuli, alilikagua akasema halikuvunjwa wala kuchokonolewa. Lilifunguliwa kwa ufunguo wake.

Meli ilikwisha kuondoka kwenda Bombay pamoja na mabaharia wake. Hapakuwa na wa kuulizwa ila abiria.

Dukani kwa Shantilal, mkabala wa soko, Nirmala alikuwa akikunja vitambaa. Vito vingi vilivyopotea vilikuwa vyake: mkufu, herini, na bangili nane za arusi ya binti yake. Mumewe Shantilal alikaa nyuma ya meza na miwani imemshuka puani.

"Mama Nirmala, nieleze safari yenyewe. Usiache kitu."

"Nikuambie nini, Sajini? Lindi maji yalikuwa ya kijani kama kioo. Mtwara tulishuka tukatembea mjini. Shelisheli tuliona nazi yenye matako kama ya mtu." Alicheka kidogo, kisha akakumbuka dhahabu yake akarudi kukunja vitambaa.

"Mke wangu ameona visiwa," Shantilal alisema. "Mimi nimeona ndoo."

"Uliumwa na bahari, Mzee?"

"Kutoka Tanga mpaka Tanga! Lakini meli ikitia nanga tu, mara moja napona. Mtwara tulikaa siku mbili, maji yametulia kama chai kwenye sahani. Nilikula chapati sita."

"Saba," Nirmala alisema.

"Na Bwana Prewett?"

"Maskini, yeye aliugua kuliko huyu," Nirmala alijibu. "Tangu tulipotoka Dar es Salaam alijifungia chumbani. Boi wa meli alisema bwana hataki kuona mtu. Nilimpelekea tangawizi, boi akaja akasema bwana anashukuru. Tulimwona tena Dar es Salaam wakati wa kurudi, amesimama kwenye ngazi ya meli, amenyoa vizuri."

"Mtwara hakutoka?"

"Hakutoka."

"Siku zote mbili, meli imesimama?"

Shantilal aliisukuma miwani juu. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye.

"Ajabu," Shantilal alisema polepole. "Mimi nilidhani ni mimi tu niliyepona."

"Alikuwa na nguo mpya pia, masikini," Nirmala aliongeza. "Siku moja kabla ya safari alikuja hapa akanunua shati la mistari ya kijani. Liko moja tu, nilileta kutoka Nairobi kama sampuli. Alisema atalivaa visiwani. Hatukumwona nalo hata siku moja."

Manase aliandika: shati, mistari ya kijani, moja tu.

Nyumba ya Bwana Prewett ilikuwa ng'ambo ya mto Themi, yenye bustani na baraza pana. Mwenyewe, mtu mrefu mwenye nywele nyekundu na kovu dogo kidevuni, alimpokea Manase kwa upole, ingawa hakumpa kiti. Juu ya meza palikuwa na ile nazi kubwa ya Shelisheli, kadi za chakula cha melini, picha ya meli na tikiti yake, imepigwa muhuri Tanga wakati wa kwenda na Tanga wakati wa kurudi.

"Siwezi kumchukia Athumani," Bwana Prewett alisema kwa Kiswahili kizuri. "Tamaa humshika mtu yeyote. Nitamwomba hakimu amhurumie."

"Nazi hii ulinunua mwenyewe, bwana?"

"Boi wa meli alininunulia. Nilikuwa siwezi kusimama, Sajini. Siku kumi na tatu nimelala kitandani."

"Hata Mtwara?"

"Hata Mtwara." Alitabasamu. "Wewe hujawahi kupanda meli, nadhani."

"Bado, bwana. Ningependa kuziona nguo zako za safari."

"Nguo?" Bwana Prewett alicheka kwa furaha ya kweli. "Muulize Efraimu. Mimi sijui nguo zangu huenda wapi. Hutoweka Jumatatu na hurudi Alhamisi, zimepigwa pasi."

Efraimu, mtumishi wa nyumba, alikuwa jikoni akimenya viazi. Alikuwa Mmeru wa upande wa Makumira kama Manase.

"Nguo zimekwenda kwa Bi Chiku Jumatatu," alisema. "Unatafuta nini kwenye nguo chafu?"

"Mtu aliyelala siku kumi na tatu hulala na nini?"

"Pajama."

"Sanduku lake lilikuwa na pajama ngapi chafu?"

Efraimu aliacha kumenya. "Moja. Mashati ndiyo mengi. Na viatu vilikuwa na tope. Nilivipiga brashi mimi mwenyewe, tope jekundu, nikashangaa kidogo. Nikasema labda baharini kuna tope."

"Ulimwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kazi yangu ni brashi."

Bi Chiku alikuwa dobi wa Kaloleni tangu mumewe alipofariki, na mawe yake ya kufulia yalikuwa chini kwenye kijito. Kwa sababu ya mvua nguo zilianikwa ndani ya banda la mabati, juu ya moto wa mkaa, na kuingia humo kulikuwa kama kuingia katika birika.

"Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango, moshi unatoka na joto linatoka. Umeleta nguo au umeleta maswali? Maana polisi nyie mnajifulia wenyewe, tunawatambua kwa harufu."

"Nimeleta maswali. Nguo za Bwana Prewett ziko wapi?"

"Kamba ya tatu."

Manase alipita chini ya mashuka. Alitegemea kuona namba. Alikuwa amesikia kwamba meli huwa na dobi wake, na kwamba nguo ya abiria huandikwa namba ya chumba. Mashati sita, hakuna namba. Moja lilikuwa la mistari ya kijani.

"Hakuna namba ya meli," alisema.

"Hilo si neno. Mtu anaweza kukaa na nguo chafu mpaka arudi kwake. Wazungu wengine wana nguo nyingi kuliko siku." Bi Chiku aliweka pasi chini akaja, akapindua ukosi wa shati la kijani ili amwonyeshe alama yake mwenyewe, mistari miwili midogo ya wino. Alilisogeza karibu na macho. Akapindua la pili, na la tatu.

"Kuna nini, mama?"

"Jumatatu nilitia alama yangu usiku usiku, macho yangu siku hizi si mazuri, sikutazama upande wa pili. Hebu njoo mlangoni, kwenye mwanga."

Upande mmoja wa ukosi palikuwa na mistari miwili. Upande wa pili, karibu na mshono, palikuwa na vitone vitatu na mkato chini yake. Wino ulikuwa mweusi uleule.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Jamaludin wa Moshi. Ndiye aliyemfundisha marehemu mume wangu. Kila dobi ana alama yake, mwanangu, na haibiwi. Tunafua nguo za nyumba arobaini katika maji mamoja; bila alama tutaletewa polisi kila siku. Na wino huu hautoki. Shati litachanika, alama itabaki."

"Pengine aliyapeleka Moshi zamani."

"Mashati haya mengine matano nimeyafua mimi mwaka mzima. Kabla hajasafiri hayakuwa na vitone. Hili la kijani sijawahi kuliona, ni jipya, na tayari lina vitone." Alimtazama Manase. "Yeye hajaona?"

"Anasema hajui nguo zake huenda wapi."

"Hawaangalii ukosi. Anayevaa haoni, anayefua ndiye anayeona."

"Nalihitaji shati hili, Bi Chiku."

"Thubutu! Tangu mwaka thelathini na nane sijapoteza hata leso."

"Nitalirudisha."

"Weka rehani. Hiyo kofia."

Inspekta Lorne aliinua macho kutoka mezani. "Kofia yako iko wapi, Sajini?"

"Rehani kwa dobi, afande."

Inspekta hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akalipindua shati mara mbili.

"Treni ya kwenda Tanga inapita Moshi," alisema. "Kila mtu katika safari ile alipita Moshi."

"Nimerudi kumuuliza Mama Nirmala kabla ya kuja hapa, afande. Treni ilisimama Moshi dakika ishirini. Walinunua ndizi. Wakati wa kurudi, hivyo hivyo. Shati haliwezi kufuliwa, kukauka na kupigwa pasi kwa dakika ishirini, hasa mwezi wa nne. Hili lilinunuliwa siku moja kabla ya safari. Siku zote zilizobaki mwenyewe anasema alikuwa melini."

"Na unasema nini wewe?"

"Nasema aliteremka Dar es Salaam, akampa boi wa meli kitu ili aseme bwana mgonjwa. Kutoka Dar es Salaam kuna basi mpaka Korogwe, na Korogwe kuna treni ya Moshi. Ijumaa Athumani hufunga ofisi saa sita kwenda msikitini, saa nzima. Bwana Prewett ana ufunguo wa mlango na ufunguo wa kasha. Mvua inanyesha, watu wako ndani. Akaja Arusha, akachukua dhahabu, akarudi Moshi, akangoja huko mpaka siku ya kuipokea meli Dar es Salaam."

"Kwa nini asiichukue kabla ya kuondoka?"

"Kasha lilifungwa mbele ya wote, afande, wakaongozana. Alitaka wote waseme alikuwa nao. Na wamesema."

Inspekta alisimama akaenda dirishani. "Unataka nimwambie hakimu kwamba Mwingereza ni mwizi kwa sababu ya vitone vitatu."

"Nataka ruhusa ya kwenda Moshi leo."

"Kesi ni kesho saa tatu. Mimi siiahirishi kwa ajili ya shati. Ukirudi na kitu, nitakitazama. Ukirudi na hadithi, kijana atasomewa mashtaka yake." Aliandika ruhusa, akaisukuma. "Nenda. Lori la kahawa linaondoka saa nane."

Lori lilikwama mara mbili, mara ya kwanza Usa River. Manase alisukuma pamoja na wengine, shati likiwa limefungwa kwenye gazeti ndani ya koti lake. Saa kumi na moja jioni alikuwa Moshi, nyuma ya stesheni, mbele ya mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma aliyekuwa akinyunyizia maji mashuka kwa mdomo.

"Shikamoo, Mzee Jamaludin. Nimetoka kwa Chiku, Arusha."

"Marahaba. Hajambo? Bado anachoma mashuka?"

"Anakusalimu. Tazama shati hili."

Mzee hakuhitaji mwanga. Alipitisha kidole gumba ndani ya ukosi. "Langu. La Bwana Harris, nyumba ya wageni pale kona. Sisi tulimwita Bwana Mvua, maana koti la mvua hakulivua hata jua likiwaka. Alikaa siku tisa. Kimya, chakula chumbani."

"Yukoje?"

"Mrefu, nywele nyekundu, hapa kidevuni kuna kovu kama mbegu ya mchungwa."

Manase hakuwa amemtajia mtu yeyote kovu la Bwana Prewett.

"Amebakisha na koti lake jingine," mzee aliendelea. "Aliondoka asubuhi mapema, koti bado bichi. Boi wa nyumba ya wageni amesema hakuacha anwani. Nimelipiga pasi, nangoja."

Lilikuwa koti jeupe lenye vifungo vya shaba vya nanga, namna ambayo Bwana Prewett alivaa katika picha iliyotundikwa ofisini kwake. Manase alinyoosha mkono. Mzee alilirudisha nyuma.

"Hapana, kijana. Shati umepewa na Chiku, hayo ni yenu. Mimi nguo sikabidhi ila kwa mwenyewe. Nikianza kuwapa polisi, kesho nitampa nani?"

"Basi twende ukamkabidhi."

"Arusha? Na nguo za nyumba arobaini?"

"Kuna karani mmoja amefungwa kwa ajili ya dhahabu aliyoichukua mwenye koti hilo. Kesho saa tatu anasomewa. Mkewe anakaribia kujifungua."

Mzee Jamaludin alilikunja koti polepole, mkono juu ya mkono. Akamwita mwanawe ndani, akamkabidhi pasi.

"Lori linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Utalala hapo kwenye mashuka. Usiweke viatu."

Alfajiri mto Kikafu ulikuwa umejaa, wakangoja maji yapungue. Walipoteremka mbele ya Boma la Arusha ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Mwanahalima alikuwa amekaa kwenye ngazi na kanga yake imelowa mabegani. Aliinuka alipomwona Manase.

Inspekta Lorne alikuwa barazani akizungumza na Bwana Prewett, shahidi wa kwanza wa siku hiyo. Manase aliwaendea akiwa na matope mpaka magotini. Alikuwa amepanga maneno yake njia nzima: kwanza shati, kisha alama, kisha nyumba ya wageni.

Hakuwahi kusema hata moja. Mzee Jamaludin alimpita, akavua viatu kando ya baraza, akamwendea Bwana Prewett na kunyoosha koti kwa mikono miwili.

"Bwana, koti lako. Niwie radhi. Siku ile mvua haikuniacha, likachelewa kukauka."

Bwana Prewett alilipokea. Alilitikisa likunjuke, akaugeuza mkono wa kulia, akatazama pindo lake.

"Doa la chai limetoka?"

"Limetoka, bwana."

"Vizuri," alisema, na mkono wake ukaingia mfukoni kumtafutia mzee senti.

Mkono ukabaki humo. Bwana Prewett alilitazama koti, kisha kofia ya kufuma ya mzee, kisha miguu yake mitupu. Uso wake ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kwamba koti si lake, lakini lilikuwa limeshamkaa mkononi kama alivyozoea.

Inspekta Lorne alikuwa ameona yote. Hakupandisha sauti.

"Koti hili ulilifulisha wapi, Bwana Prewett?"

Inspekta alimgeukia Jamaludin.

"Mzee, wewe unatoka wapi?"

"Moshi, bwana mkubwa. Nyuma ya stesheni."

"Ingia ofisini kwangu, Bwana Prewett," Inspekta alisema. "Na koti lako."

"Afande," Manase alisema, "saa tatu."

Kutoka chumba cha mahakama sauti ya karani ilikuwa imeanza kusoma jina. Manase alikimbia barazani, buti zikiacha matope kwenye saruji iliyopigwa deki, Mwanahalima nyuma yake. Alifika mlangoni askari akamzuia kwa mkono kwa sababu ya nguo zake chafu. Ndani, Athumani alikuwa amesimama kizimbani, mgongo kwao, mikono imeshika mbao. Alikuwa ametazama benchi la mashahidi wa polisi, na benchi lilikuwa tupu.

"...kwamba uliiba vito vya dhahabu, mali ya watu waliovikabidhi kwa mwajiri wako," karani alimaliza. "Umesikia mashtaka? Unakubali kosa au hukubali?"

Athumani hakugeuka. Alichelewa kujibu mpaka hakimu akaacha kuandika na kuinua kichwa.

"Sikubali," Athumani alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Sikubali, Mheshimiwa! Sikuiba."

Nyuma ya Manase hatua za Inspekta Lorne zilikuwa zikija barazani, na askari aliyekuwa mlangoni akaushusha mkono wake.